Sekunde Kumi na Tano

Mariam mwanangu,

Asubuhi umetoka kwenda Budondo kumuaga shangazi yako bila kuniangalia usoni, na sikulaumu. Tangu siku ile ulipoleta habari kwamba umepata nafasi ya kusomea kazi ya maabara Mbale, nami nikakufokea mbele ya wageni, hatujazungumza vizuri. Ulidhani sitaki uende mbali. Kisha habuba yako, mama wa baba yako, akakuambia kwa ule mdomo wake kwamba mimi naichukia Mbale, ukadhani nina neno na watu wa huko. Si hivyo. Nakuandikia sasa hivi, nyumba ikiwa tupu, kwa sababu nikikaa nawe kuyasema haya nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti utasikia sauti tu, maneno yatapotea.

Habari za nguo, chakula na wanaume siandiki. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua hukohuko. Nataka kukueleza jinsi baba yako alivyokufa.

Umekua ukisikia kwamba vita vilimchukua. Baba zako wadogo husema hivyo kila wanapomtaja, wakamaliza kwa kuomba dua. Vita havikumchukua. Vita vilimvunja mguu. Vilikuwa vimekwisha, redio inatuambia kila siku kwamba nchi inapona, wakati mtu mmoja aliyeshiba, aliyekaa kwenye kiti chake, asiye na bunduki, alipoandika namba ya uongo kwenye karatasi. Nina hasira naye tangu hujazaliwa.

Baba yako, Rajabu, alikuwa dereva wa lori la pamba. Hakuwa askari. Nalisema hili kwa sababu huko uendako mtu akisikia wewe ni Mnubi atakuuliza baba yako alikuwa na cheo gani katika jeshi la serikali iliyopinduliwa. Babu yake ndiye aliyekuwa askari wa Waingereza. Yeye hakuwahi kushika bunduki hata ya kuwindia ndege. Jeshi la serikali ya zamani lilipokuwa linakimbia kupitia Jinja, askari walilitaka lori lake. Aliwaambia, "Afande, hili lina matata yake, acheni niwaendeshe mimi." Alikuwa analipenda lile lori kuliko lilivyostahili. Walimvuta kutoka kwenye usukani wakamtupa barabarani, paja likavunjika.

Alilala wiki nyingi na plasta. Ilipotolewa, mguu ukavimba, ukawa moto. Kisha akashikwa na maumivu ya kifua, akakohoa damu. Daktari wetu wa wakati ule alikuwa na kliniki katika mojawapo ya yale maduka ya zamani ya Wahindi mjini. Alitukalisha akatueleza vizuri. Damu imeganda ndani ya mguu, kipande kimekatika, kimekwenda mapafuni. Kikija kingine kikubwa zaidi, Rajabu hataamka. Akampa vidonge vya kuzuia damu isigande.

Baba yako mdogo Ramadhani alisikia mahali kwamba dawa ile na sumu ya panya ni ndugu. Akaja hapa akipiga kelele kwamba tunamlisha kaka yake sumu. Hakukosea sana. Dawa ile ikipungua, damu inaganda tena. Ikizidi, mtu anavuja damu kwa ndani na hajui. Kwa hiyo daktari hawezi kukupa kidonge na kukuambia nenda nyumbani. Lazima damu ipimwe, na ipimwe tena, ionekane inachukua muda gani kuganda, ndipo aongeze dawa au apunguze. Ya mtu mzima, asiye na ugonjwa, alituambia, huganda kwa sekunde kumi na tano hivi. Ya Rajabu aliitaka ichukue mara mbili ya hapo.

Mwanzoni tulipimiwa hapahapa Jinja. Aliyekuwa akipima ni dada mmoja wa Kisoga, mcheshi, akaniacha nisimame mlangoni nitazame. Damu inatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande njiani. Mashine inaizungusha mpaka wekundu unashuka chini na juu yanabaki maji ya manjano. Maji hayo anayachota, anayaweka kwenye kichupa kingine ndani ya beseni la maji yenye joto kama la mwili, anatia dawa ya kupimia, anabonyeza saa. Kisha anakiinamisha kile kichupa na kukiinua, anakiinamisha na kukiinua, mpaka yale maji yanashikana kama maziwa mgando. Anasimamisha saa. Aliniambia dawa ile ya kupimia inatengenezwa kwa ubongo wa sungura na lazima ikae kwenye baridi. Baba yako alipenda sana habari hiyo. "Kumbe uhai wangu uko kichwani mwa sungura," alisema, akawa anawaambia watu wote sokoni.

Ndivyo alivyokuwa, Mariam. Nimekunyima habari za kicheko chake kwa kuwa sikuweza kukisimulia bila kufika nilikofika leo.

Wezi wenye bunduki wakavunja pale mahali wakabeba friji na mashine. Tukakaa bila kipimo. Daktari akasikia kwamba Mbale kuna kituo cha uchunguzi kimefunguliwa upya. Si hospitali kubwa ile unayoijua. Kilikuwa jengo dogo nyuma ya maghala ya kahawa, na siku hizi hakipo, panauzwa magodoro. Lakini wakati ule kilifunguliwa kwa hotuba na ngoma, wakubwa wakapigwa picha mlangoni. Huduma zimerudi. Nchi imesimama.

Tulikwenda na Mkenya mmoja, Wafula, dereva wa malori ya Malaba aliyekuwa rafiki wa baba yako. Ndiye aliyekuwa akituletea vile vidonge kutoka kwao, kwa sababu kwetu havikupatikana. Mimi nilikuwa na mimba yako. Njiani kila kizuizi walikuwa askari wa Tanzania, na waliposikia Kiswahili chetu walifurahi, wakatupisha. Ni raia waliotuangalia vibaya. Kiswahili kilikuwa lugha ya waliowapiga, na sisi tulikuwa nacho mdomoni kama kitambulisho. Baba yako alisema, "Zuhura, tukifika Mbale tunyamaze kidogo." Mimi nimevaa gurubaba langu, nguo yetu ya kujifunga, hata nikinyamaza kila mtu ananijua.

Pale kituoni nesi alimtoa damu, akatuambia turudi baada ya chakula cha mchana. Tukarudi. Bwana mkuu wa maabara akatupa karatasi yenye muhuri. Sekunde kumi na tano. Tukashukuru, tukatoka, baba yako akaenda kwa Wafula kwenye lori. Mimi nikakumbuka nimeacha kikapu changu chini ya benchi, nikarudi.

Mlango wa ndani ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Nikaona kichupa chenye jina la Rajabu kimesimama dirishani. Kizibo hakijaguswa. Nikaona mashine ya kuzungusha imefunikwa gazeti na vumbi juu ya gazeti. Nikaangalia lile beseni. Lilikuwa kavu, Mariam. Ndani yake mtu alikuwa ameweka viatu vyake vya mvua.

Yule bwana akaingia nyuma yangu.

"Wewe mama, nani iliruhusu wewe kuingia hapa?"

"Bwana, damu ya mume wangu haijapimwa. Ile pale."

"Imepimwa. Si umepewa karatasi?"

"Imepimwa kwa kitu gani? Beseni lina viatu."

Akaangalia viatu, akaniangalia mimi, kisha gurubaba langu. "Unatoka wapi?"

"Jinja."

"Mnubi." Hakuuliza, alisema. "Mlipokuwa na bunduki, ninyi, kuna mtu iliwauliza maswali? Sasa mnakuja kuuliza. Toka. Hii siyo kambi."

Nilimwambia mume wangu ni dereva. Nilimwambia anakunywa dawa ambayo ikizidi inaua. Nilimsihi achukue karatasi yake aandike kwamba hakupima, basi, sitaki kingine. Akanishika mkono juu ya kiwiko akanitoa mpaka nje, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaniangalia, hakuna aliyesimama. Nataka ujue kwamba nilisema. Kwa miaka hii yote watu wamenionyesha huruma ya mjane asiyejua kilichompata. Nilijua, na nilisema siku ileile, mahali palepale, kwa Kiswahili safi.

Nikasema tena Jinja. Daktari alikuwa Mganda, mtu wa taratibu, nikamweleza yote kwa Kiganda ili lugha yangu isinipunguzie haki. Akasikiliza. Kisha akaitazama ile karatasi.

"Mama, hapa pana muhuri na sahihi. Wewe unaniambia habari za viatu."

"Viatu vilikuwa ndani ya beseni la kupimia."

"Labda wana beseni jingine." Akamgeukia baba yako. "Rajabu, damu yako imerudi kuwa ya mtu mzima. Dawa haifanyi kazi. Unakula mboga za majani kwa wingi?"

Baba yako akacheka. "Nakati ya mke wangu, daktari, hata mfalme angekula."

"Hizo ndizo zinaipinga dawa. Mama, punguza mboga. Nami naongeza vidonge."

Nyumbani nilimwomba baba yako aendelee na dozi ya zamani mpaka tupate pengine pa kupimia. Hatukugombana kama watu wanavyogombana. Alikaa kitandani akanyoosha ule mguu. "Zuhura, nilikohoa damu ukaniona. Unataka nirudi kule?" Kama ile namba ilikuwa kweli, kupunguza dawa kungemuua. Kama ilikuwa uongo, kuongeza kungemuua. Hapo ndipo alipotuweka yule bwana wa viatu, na yeye usiku alilala. Rajabu akanywa alivyoandikiwa.

Na mimi nikaacha kupika nakati. Nilimpa nyama, nilimpa viazi, nilimpa chapati. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba zile mboga ndizo zilizokuwa zinaivuta damu yake upande wa usalama kidogo. Nilizitoa mezani kwa mkono wangu, kwa utii, kwa sababu mtu aliyesoma aliniambia. Ukitaka kujua kwa nini mpaka leo nikiambiwa jambo na mtu mwenye koti jeupe namuuliza mpaka unaona aibu, unanivuta nguo, ni hapo.

Kwanza fizi zilitoka damu alipotafuna muwa. Tukasema muwa ni mgumu. Kisha mkono wake ukaonyesha alama nyeusi za vidole vyangu mahali nilipomshika kumsaidia kusimama. Kisha mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Nikampeleka kwa daktari bila kungoja, na daktari alipouona ule mkono uso wake ulibadilika. Alijua palepale. Kuna sindano inayoirudisha damu katika hali yake. Akatuma watu kila duka la dawa Jinja, yeye mwenyewe akatoka kwa miguu, haikupatikana. Baba yako akasema kichwa kinamuuma. Jicho moja likalegea. Akaanza kuitaja barabara, Iganga, Bugiri, Tororo, kama anampa utingo habari za safari, halafu akarudia Bugiri, Bugiri, hakuivuka. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Maziko yalikuwa ya watu wachache. Wengi wetu walikuwa wamekimbilia Sudan na Kenya. Daktari alikuja, akasimama mbali kidogo na watu, kisha akanifuata. "Mama, ilinipasa kukuamini," akasema.

"Ilikupasa," nikasema. Angalau alikuja.

Ukazaliwa. Vikaja vita vingine, serikali zikabadilika, nikasuka mikeka, nikauza, ukasoma. Watu wa mtaa wetu wa Kimaka wamenishauri nisamehe, imamu pia, hata Wafula, ambaye alilia kuliko ndugu. Nimewasikiliza kwa heshima. Lakini sijaona hasira hii ilichoniharibia. Sikukupiga kwa ajili yake. Sikulala njaa kwa ajili yake. Ilinisimamisha asubuhi ambazo huzuni peke yake ingeniacha kitandani. Kwa hiyo sikuombi uirithi, wala sitakudanganya kwamba imeisha.

Sasa sikiliza lililonifanya nikufokee. Mwezi uliopita nilikuambia naenda harusi Tororo. Sikwenda harusi. Nilikwenda Mbale kuona hicho chuo ulichokuwa umeomba nafasi, na nikamkuta yule bwana wa viatu. Amezeeka, ana miwani, wanafunzi wanampenda. Ndiye anayefundisha mambo ya damu. Jina lake sitaliandika hapa, utamjua.

Alinikaribisha chai akidhani nimekuja kuuliza habari za mabweni. Nikamwambia mimi ni nani. Hakunikumbuka. Nikamtajia Rajabu, jina lote, akatikisa kichwa. Nikamtajia viatu.

"Ah, viatu," akasema. "Viatu vile niliibiwa baadaye."

Mariam, nilishika kikombe kwa mikono miwili ili nisikitupe.

Kisha akasema bila kulazimishwa, nadhani uzee umemlegeza. Dawa ya kupimia ilikuwa imeharibika, umeme hakuna. Wakubwa walikuwa wanakuja kila mara kukagua kama huduma zimerudi. Angeandika kwamba kipimo kimoja hakipo, wangesema kituo kimeshindwa, wakifunge, na watu wa malaria na wa sukari nao wakose. "Malaria nilikuwa napima kweli," aliniambia. "Darubini ilikuwepo. Kila mtu alipimwa kweli." Nilimwamini. Nilikaribia hata kumwelewa, na hilo likaniudhi kuliko viatu.

"Na hawa wa damu kuganda?"

"Niliwaandikia kumi na tano."

"Wote?"

"Wote. Ni namba ya mtu mzima, mama. Haimtishi mtu."

"Mtu mzima hanywi dawa ile. Walikuwa wangapi?"

Akakoroga chai yake, ingawa hakuwa ametia sukari. "Sijui," akasema. "Kwa kweli sijui."

Unaona? Nilikuwa nimembeba baba yako peke yake miaka yote. Sikuwahi kufikiri kwamba katika ile foleni iliyoniangalia nikitolewa kuna wengine waliorudi nyumbani na kumi na tano yao, kwa madaktari wao, kwa wake zao waliowaamini.

Nikamwambia binti yangu ameomba nafasi ya kusoma hapa. Akashtuka, kisha akasema atakutunza kama mwanawe. Nikamwambia sitaki akutunze. Nataka jambo moja: siku ya kufundisha kipimo kile, awaambie wanafunzi alichofanya.

"Mama, nikiwaambia hayo, nitawafundisha nini tena?"

"Hayohayo," nikasema.

Akakataa. Kwa upole, lakini akakataa. Alisema ana heshima yake, ana wajukuu, na mambo yale yalikuwa ya wakati ule. Nikaacha chai nikaondoka. Ulipokuja wiki ile na ile furaha yako, kwamba umechagua kazi ya maabara kwa sababu unapenda kuona mambo kwa macho yako mwenyewe, nilikuwa bado na ile chai kooni. Ndiyo maana.

Nilifikiria kukuzuia. Nimeamua uende. Utakuwa hodari kwa kazi ile. Una mikono isiyo na haraka, na huwezi kusema uongo hata kuhusu sukari uliyoiba. Itafika siku umeme umekatika, dawa imeharibika, foleni ni ndefu, mkubwa amesimama mlangoni na mpiga picha. Mkono wako utataka kuandika kitu. Na siku hiyo labda mama mmoja ataingia mahali asiporuhusiwa, akuulize swali la kijinga. Usimuulize anatoka wapi. Angalia anachokuonyesha.

Kwa yule mwalimu, jifunze yote anayoyajua, maana anayajua. Msalimie kwa heshima, yeye ni mkubwa kwako. Sikutumi ukamtukane. Lakini siku atakapofika kwenye kipimo kile, akamaliza kueleza joto la maji na jinsi ya kushika saa, inua mkono. Simama. Muulize mbele ya wenzako: mwalimu, kama dawa ya kupimia hakuna, tunaandika nini?

Atakuangalia. Atajua wewe ni nani. Huenda akakuambia swali hilo ni la kipindi kingine, huenda akakuambia ukae.

Usikae mpaka ajibu.

Mama yako anayekupenda, na ambaye kesho hatapandisha sauti kwenye kituo cha basi,

Zuhura